Unabaki chuoni ughaibuni wenzako wakienda likizo? Tupeane maarifa hapa

Mwenyeji wa Wuhan (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kila ikifika Novemba simu yangu inajaa ujumbe wa vijana waliotua China Septemba. Wanauliza kitu kile kile: kaka, likizo ya Januari huko mnafanyaga nini? Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa naweka hapa ili na atakayekuja mwakani asome, na mlioko Marekani, Uingereza, Uturuki, Algeria na kwingineko mwongeze ya huko kwenu.

Nauweka msimamo wangu mapema. Watu wengi nyumbani wanadhani anayebaki chuoni anateseka kwa kukosa nauli. Nauli kweli ni mzigo: mwenye ufadhili wa serikali ya China anapata posho ya yuan 2,500 kwa mwezi akiwa shahada ya kwanza, 3,000 uzamili, 3,500 uzamivu, na tiketi ya kwenda na kurudi Dar inameza posho ya miezi kadhaa. Lakini hilo ulilijua toka siku uliyopanda ndege. Kinachowavunja watu ni kufika likizo bila kujua watakula wapi na watakula na nani. Ndiyo maana mimi nikiulizwa habari za likizo naanza na jiko. Mambo ya kwenda kupiga picha kwenye Ukuta Mkuu yatafuata.

Kwanza kalenda. Likizo kubwa ya baridi inafuata mwaka mpya wa Kichina, ambao unakwenda na mwezi, hivyo tarehe inahama: mwaka 2025 ulikuwa 29 Januari, 2026 ni 17 Februari, 2027 ni 6 Februari. Vyuo vinafunga mwezi mmoja hivi, vingine hadi wiki sita. Kipindi cha usafiri wa sikukuu kinahesabiwa siku 40, na ndani ya siku hizo karibu kila Mchina anatafuta njia ya kurudi kwao. Tiketi za treni zinafunguliwa siku 15 kabla ya safari kwenye 12306, mfumo wa reli wa kukata tiketi mtandaoni, na kwa njia zenye watu wengi zinaisha muda mfupi baada ya kufunguliwa. Usipange safari ya wiki ile kwa mazoea ya kwenda stendi asubuhi na kupanda basi.

Sasa picha yenyewe. Nyuma ya chuo chetu kuna mtaa wa chakula. Siku za kawaida saa moja asubuhi huwezi kupita kwa watu wanaogombea tambi za ufuta, ndiyo staftahi ya Wuhan. Ikibaki kama wiki moja sikukuu ifike, mageti yanaanza kushuka moja baada ya jingine, na kila mwenye duka anabandika karatasi nyekundu yenye tarehe ya kufungua. Wapo wanaorudi siku ya nane, wapo wanaosubiri hadi baada ya siku ya kumi na tano. Kantini za chuo zinafungwa zote isipokuwa moja, na hiyo moja inafungua madirisha mawili kwa saa chache. Vijana wa kuleta chakula kwa pikipiki nao wamekwenda vijijini. Mgeni aliyezoea kuagiza kwa simu anajikuta siku ya mkesha ana pakiti mbili za tambi za maji moto.

Bwenini huwezi kupika chumbani. Ukichomeka jiko la umeme, umeme wa chumba unakatika wenyewe, na mama msimamizi wa bweni akilikuta analichukua. Ila mabweni mengi ya wageni yana jiko la pamoja kwenye ghorofa. Sisi tunafanya hivi: wiki mbili kabla ya kufungwa, wote tunaobaki tunaandika majina kwenye karatasi mlangoni mwa jiko, namba ya chumba na namba ya simu. Tunachanga. Tunanunua mchele magunia madogo, mafuta, mayai, vitunguu, kuku wa kugandishwa, na unga wa mahindi wa njano. Unga ule ni wa chenga, ugali wake unataka kusongwa muda mrefu zaidi, lakini ukitulia unakula na unashiba. Binzari nyembamba ya pilau haina shida kabisa, maana Waislamu wa Xinjiang ndiyo wanayonyunyiza kwenye mishkaki yao, inauzwa kila mahali.

Zamu za kupika tunapangana kwa nchi. Mwaka jana jikoni kwetu walikuwa Wasudani, Wazambia, Wapakistani, Mnepali mmoja na sisi Watanzania na Wakenya. Mnepali yule alikuwa hajazungumza na mtu ghorofa nzima toka Septemba. Alipopewa zamu yake alianza kukatakata vitunguu kimya kimya, halafu akauliza kama kuna mtu hali pilipili. Tangu jioni ile hakuna zamu aliyokosa, hata isiyokuwa yake.

Ile karatasi ya majina ina kazi nyingine ambayo watu hawaifikirii. Siku ya pili ya sikukuu kijana mmoja hakuja kula. Tukapiga simu, kimya. Tukapanda, tukagonga, tukamkuta amelala na homa kali, chupa ya maji imeisha, hana nguvu ya kushuka ngazi. Zahanati ya chuo ilikuwa na mtu wa zamu tu, tukampeleka hospitali kwa teksi. Alikuwa na bima ya wanafunzi wa kigeni, ile ya yuan 800 kwa mwaka, ila namba ya kupiga hakuijua. Iandikeni kwenye hiyo karatasi. Kama jina lake lisingekuwepo mlangoni, tungejuaje kwamba amebaki?

Kuhusu kazi nitaongea kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona vijana wakiharibikiwa. Likizo ndiyo msimu wa madalali: njoo ufundishe Kiingereza chekechea, siku chache, hela mkononi. Sheria ya China ya kuingia na kutoka iko wazi. Mwanafunzi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini ya chuo na bila kuandikishwa kwenye kibali chake cha ukaazi ni ajira haramu. Faini ni yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa unawekwa ndani siku 5 hadi 15, halafu kuna kufukuzwa nchini. Dalali hakamatwi na wewe. Ukitaka kazi nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, uliza utaratibu wa mafunzo kwa vitendo, uandikiwe kwenye kibali.

Na ukialikwa kijijini na mwanafunzi mwenzako, nenda. Hilo nalisema kwa moyo wote. Mimi nilialikwa Hunan. Kabla hatujafika kwao nilimwomba rafiki yangu tupitie kituo cha polisi cha mji ule mdogo, kwa sababu mgeni anayelala nyumbani kwa mtu anatakiwa kujiandikisha ndani ya saa 24, na asipofanya anaweza kutozwa hadi yuan 2,000. Askari alipiga picha pasipoti, akauliza nitakaa siku ngapi, basi. Nyumbani kwao bibi yake alinishika mkono, akanikalisha karibu na meza yenye jiko la mkaa chini na blanketi juu, miguu yote mnaiingiza mle, kwa maana huku kusini nyumba hazina joto la bomba kama Beijing. Peleka matunda au katoni ya maziwa, usiende mikono mitupu. Na kama huli nguruwe sema mapema, usisubiri sufuria ifunuliwe, maana supu ya sikukuu mara nyingi ni ya mifupa yake.

Naishia hapa kwanza. Karibuni.

Mtoto wa Pasiansi

Mkuu umeandika vizuri, nami niongeze la wale wanaorudi nyumbani likizo, kwa sababu nililipata.

Nilikuja Mwanza Januari 2020 kwa mwaka mpya wa Kichina. Nilikuja na begi la mgongoni, nikijua Februari nipo darasani. Korona ikalipuka, Wuhan ikafungwa 23 Januari. Tarehe 28 Machi China ikafunga mipaka kwa wageni, hata wenye vibali halali. Wanafunzi wenye kibali cha ukaazi hawakuruhusiwa kurudi hadi 24 Agosti 2022. Hesabu mwenyewe. Kompyuta yangu ya kazi, vyeti halisi vya sekondari, nguo, vitabu, vyote vilibaki kwenye kabati. Nilisoma kwa intaneti nikiwa sebuleni kwa shangazi, mwalimu akianza saa mbili asubuhi kwao, huku kwetu ni saa tisa usiku.

Chuo kilihitaji vyumba, vitu vyetu vikahamishwa na watu tusiowajua. Baadhi sikuviona tena.

Kwa hiyo ndugu zangu, ukienda likizo popote, vyeti halisi unatembea navyo. Kazi zako za utafiti weka nakala mtandaoni. Na mwachie mtu unayemwamini ufunguo, aliyebaki, mwenye jina kwenye hiyo karatasi ya mlangoni. Waliobaki mwaka ule ndio waliotufungia mizigo wenzao kadhaa, bila wao tungepoteza kila kitu.

Mwenyeji wa Wuhan

Pole sana mkuu. Mimi nilikuja baada ya hapo, lakini hadithi za kundi lenu bado zinasimuliwa hapa bwenini. Hilo la vyeti nitaliongeza kwenye ujumbe ninaowatumia wapya.

Mrundi wa Iowa

Salamu kwenu wote. Niko Marekani, nchi yangu ni Burundi. Kwangu mimi swali la kurudi likizo lilijibiwa na watu wengine. Tangu 9 Juni 2025 Burundi iko kwenye orodha ya nchi ambazo Marekani imesitisha kutoa viza za wanafunzi. Mwenye viza inayofanya kazi haguswi, lakini yangu muda umekwisha. Ndani ya nchi niko halali maadamu nasoma. Nikitoka, sina pa kuombea nyingine. Mama yangu anaelewa, ila kila Noeli ananiuliza tena.

Huku shida siyo likizo ndefu, ni ile fupi. Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, iko Alhamisi ya nne ya Novemba. Jumanne jioni wanafunzi wanaanza kuondoka na wazazi wao kwenye magari, Jumatano saa sita mchana bweni ni tupu. Bweni letu linafungwa kabisa Desemba, anayetaka kubaki anajaza fomu na kulipia usiku kwa usiku. Mimi mwaka wa kwanza sikuwa na gari, basi la mji halikufanya kazi sikukuu, duka la karibu ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu kwenye barafu. Nakubaliana na mwanzisha uzi kuhusu chakula kwa asilimia mia.

Kilichoniokoa ni Kiswahili. Iowa ina Wakongo wengi na Warundi waliofika kama wakimbizi, wako Des Moines na Cedar Rapids, na makanisa yao yana ibada kwa Kiswahili. Nilimpigia mzee mmoja wa kanisa nikijitambulisha tu, mtoto wa Gitega nasoma chuo fulani. Alikuja na gari dogo la mizigo, akapakia mimi na Mghana na Mvietnamu niliowakuta wamekaa sebuleni bwenini. Tulikula sombe, wali, samaki, ugali wa muhogo. Yule Mvietnamu alirudi na sahani tatu zilizofunikwa. Tangu hapo kila likizo fupi nina nyumba.

Kuhusu kazi, kwa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, ni saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa masomo, na muhula ukifungwa unaruhusiwa kufanya muda wote, lakini ndani ya chuo. Kazi za kiangazi zipo: kupaka rangi mabweni, kuhamisha vitanda, maktaba, jiko la chuo kwa ajili ya makambi ya watoto. Tangazo linatoka Machi au Aprili, ukisubiri Mei umechelewa. Kusambaza chakula kwa programu ya simu ni kazi ya nje, usiguse hata kama akaunti ni ya rafiki.

Wenye viza hai wanaotaka kusafiri: ile I-20, fomu unayopewa na chuo kwa ajili ya viza, ina ukurasa wa pili wenye sahihi ya kusafiria, inadumu miezi 12. Angalia tarehe kabla ya kununua tiketi, ofisi nayo inafunga sikukuu.

Wanja wa Kiambu

Habari zenu. Mimi nasoma uzamili hapa Uingereza, na kuna jambo moja linawaponza wengi wa Kenya na hata wa Bongo.

Viza ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula na muda wote wakati wa likizo. Sasa mtu wa uzamili akiona Juni wanafunzi wa shahada ya kwanza wamefunga, naye anaanza zamu za saa 40 kwenye nyumba ya wazee. Kwa mtu wa uzamili wa mwaka mmoja kiangazi si likizo! Ndipo unapoandika tasnifu, chuo kinakuhesabu uko masomoni, na ukipita saa 20 umevunja masharti ya viza. Usisikilize mwajiri anayekwambia haina noma. Omba chuo barua inayotaja tarehe za muhula wako wewe, na umwonyeshe mwajiri hiyo.

Lingine dogo: tarehe 25 Desemba treni hazitembei, na hapa London hakuna basi wala treni ya chini ya ardhi siku nzima. Kama umealikwa, fika tarehe 24 na ulale huko huko. Mwaka wa kwanza wasichana wawili wa Meru niliowaalika kwa chapati walikwama mashariki ya jiji, ikabidi tule kwa simu ya video, kila mtu na sahani yake.

Mama Tabata

Wanangu, mimi ni mzazi. Binti yangu yuko China mwaka wa tatu na hajarudi hata mara moja. Nawasoma na machozi yananitoka, maana yeye huwa ananiambia tu, mama niko salama, nimekula. Kumbe kuna mageti yanafungwa na kantini zinafungwa. Naomba kuuliza: sisi wazazi tufanye nini cha kusaidia? Hela ya kutuma ipo kidogo. Na huwa napiga simu saa tatu usiku nikishatoka kazini, hapokei, nakaa na wasiwasi.

Mwenyeji wa Wuhan

Mama shikamoo. Saa tatu usiku Dar huku ni saa nane usiku wa manane, tumewatangulia saa tano. Piga ukiwa kwenye daladala ya asubuhi, saa kumi na mbili, huku ni saa tano mchana na ameshaamka.

La hela: ikiwezekana tuma kabla ya sikukuu, si katikati yake. Kiasi kidogo kikifika mapema kinanunua mchele na kuku wakati maduka bado yana bei ya kawaida. Kikifika geti limeshuka hakimsaidii siku ile.

Na nikuombe jambo, Mama, kwa heshima. Muulize anapika na nani. Usimuulize kama amekula, maana atakujibu amekula hata kama hajala, sote tunawajibu wazazi hivyo. Akikutajia majina ya watu wawili watatu, lala usingizi. Akibabaika, nitumie chuo chake kwa ujumbe wa faragha, tuna grupu la WeChat la Watanzania karibu kila mji wenye vyuo, nitamtafutia wenzake walio jirani.

Mama Tabata

Marahaba mwanangu. Mungu akubariki. Nimekutumia.

Nyota ya Mkunazini

Nami niseme kutoka upande wa pili. Niko Unguja, nyumbani kwetu tunapangisha vyumba, na wapangaji wetu ni vijana wa Kikomoro wanaosoma hapa. Tulikuwa tukiwaona Idd wamekaa barazani wamevaa kanzu safi, wakipiga simu kwao zamu kwa zamu kwa simu moja yenye chaji. Mama yangu alishindwa kuvumilia. Sasa kila Idd wanakula kwetu, na wao ndio wanaopika wali wa nazi na pweza, kwa mkono wa kwao. Mlioko Dar, Morogoro, Kampala, Nairobi, mna wageni wa namna hii kwenye mabweni ya jirani zenu. Mnasoma uzi huu mkiwafikiria ndugu zenu wa China na Marekani, wakati wa hapa nao wana mama zao wanaopiga simu.

Mwenyeji wa Wuhan

Hili sikuliandika na nilitakiwa kulifikiria la kwanza. Asante sana dada.

Mgeni wa Septemba

Kaka mimi ndiyo nimefika mwaka huu, niko Wuhan pia, chuo tofauti. Bweni letu jiko lipo lakini limefungwa kufuli, wanasema lilifungwa baada ya mtu kuunguza sufuria. Tunaobaki ni wanne tu tunaofahamiana. Tufanyeje?

Mwenyeji wa Wuhan

Msiende ofisini mmoja mmoja. Nendeni wote wanne, na kabla ya hapo gongeni milango ghorofa zote, nina uhakika mko zaidi ya wanne. Andikeni barua fupi kwa Kichina, mwombeni mwenzenu wa darasani airekebishe: majina, namba za vyumba, saa mnazoomba jiko lifunguliwe, na mtu mmoja kwa kila siku anayewajibika kuzima na kufagia. Mama msimamizi mara nyingi anakataa kwa sababu akiulizwa na wakubwa hana jina la kutaja, mpeni majina. Pelekeni na fomu zenu za kubaki bwenini siku hiyo hiyo, kwa sababu zikishapita tarehe ofisi ya wageni nayo inafunga na hutampata mtu mpaka muhula ufunguliwe.

Wakikataa kabisa, niandikie. Kutoka kwenu hadi kwetu ni treni moja ya chini ya ardhi, na zamu ya Watanzania mwaka huu bado haijajaa.